Injini ya NZ Inayogonga: Kubadilisha Beringi za Krenki Kabla ya Kupeleka Gari Kukaguliwa

Siku ya ukaguzi ikikaribia, wenye magari wengi hushughulikia vinavyoonekana. Taa iliyoungua inabadilishwa, mtungi wa kuzimia moto unanunuliwa, pembetatu inaazimwa kwa jirani. Injini inayogonga inaachwa hivyo hivyo, kwa hoja kwamba mkaguzi hafungui sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Ni kweli, hafungui. Lakini ana masikio, na ana macho ya kuona taa nyekundu ya oili ikipepesa kwenye dashibodi na tone la oili chini ya gari. Na hata akikupitisha, injini iliyokula beringi haitakusubiri hadi ukaguzi wa mwaka ujao.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Toyota yenye injini ya 1NZ-FE (nitaiita NZ), ile ya cc 1,496 iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Spacio. Dar es Salaam ndiyo injini ya teksi mtandao, na gari la biashara haliwezi kukwepa ukaguzi: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanataka taarifa ya mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kutoa leseni. Mwenye Probox aliyeko Kenya atafuata taratibu za NTSA, mamlaka ya usafiri ya huko, lakini kazi ya chini ya injini ni ile ile. Kwa injini nyingine hatua hazibadiliki. Vipimo ndivyo vinavyobadilika, kwa hiyo usivihamishe kutoka injini moja kwenda nyingine.

Tunazungumzia beringi zipi

Si zile za magurudumu zenye gololi. Hizo nazo mkaguzi anazitafuta, kwa kuinua gari na kulitikisa tairi juu na chini, lakini ni kazi nyingine kabisa. Krenki ni shafti ya injini inayozungushwa na pistoni, na beringi zake ni vipande vya nusu duara, vyembamba, mgongo wa chuma na uso wa madini laini ya alumini au shaba. Viwili vinakutana kuizunguka shingo ya krenki, yaani ile sehemu ya duara iliyong'arishwa. NZ ina shingo tano za mein, ambazo zinaishika krenki kwenye bloku (mwili wa injini), na nne za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Mein ina kipenyo cha milimita 46 na konrodi milimita 40, zikiwa hazijachongwa.

Injini inapozunguka, chuma cha krenki hakigusi beringi. Kinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikosekana kwa sekunde kadhaa tu, uso laini unalika, nafasi inapanuka, oili inavuja pembeni badala ya kusimama, presha inashuka, na uso unalika zaidi. Ndiyo maana kugonga kulikoanza Jumatatu kama mlio wa mbali kunaweza kuwa nyundo ifikapo Ijumaa.

Sikiliza kabla hujafungua kitu

Injini ya NZ ina milio mingi, na mafundi wengine wanashusha injini kwa sababu ya bomba la ekzosi lililolegea. Anza asubuhi injini ikiwa baridi, kisha rudia ikiwa moto.

Mlio unaosikika baridi halafu unapungua injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda. Mkwaruzo wa upande wa mbele, hasa sekunde za kwanza baada ya kuwasha, unakuelekeza kwenye cheni ya taimingi na kikaza chake. Mlio mwembamba wa tik-tik juu ya injini ni wa valvu au nozeli.

Beringi ya konrodi ina tabia tofauti. Inagonga zaidi injini ikiwa moto, oili ikiwa nyepesi. Pandisha mizunguko taratibu hadi kama 2,500 kwa dakika, shikilia, kisha achia mafuta ghafla: konrodi iliyolegea itagonga wazi pale unapoachia. Mein inatoa sauti nzito, ya chini, inayosikika gari likiwa linavuta, kwa mfano unapoondoka kwenye taa ukiwa na abiria wanne.

Kwa konrodi kuna njia ya kujua ni silinda ipi. NZ ina koili moja juu ya kila plagi. Chomoa soketi ya koili ya silinda ya kwanza injini ikiwa inaunguruma, sikiliza kwa sekunde chache, rudisha, nenda ya pili. Silinda ambayo ukiizima mlio wa kugonga unapungua sana au unahama tabia, ndiyo yenye tatizo. Usiiache muda mrefu, maana petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Na mikono mbali na mkanda.

Kisha tumia filta. Ifungue kwa kuikata, tandua karatasi yake juani, tazama mikunjo. Vumbi laini la kijivu si ajabu kwa injini iliyotembea. Chembe zinazong'aa kama glita, za rangi ya fedha au shaba, hizo ni beringi. Pitisha sumaku: madini ya beringi hayashikwi na sumaku. Yakishikwa, unatafuta chuma, na tatizo lako liko kwingine au limeshafika mbali.

Kipimo cha mwisho ni presha. Taa ya oili si kipimo, inawaka pale presha ilipokwisha karibu yote. Fungua swichi ya oili iliyoko kwenye bloku, funga geji ya mshale mahali pake (nyuzi za Toyota ni BSPT 1/8), washa, acha injini ipate moto kamili. Kanuni ambayo mafundi wengi wanaishi nayo ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ukiona 3,000 na mshale umelala kwenye 12, huna haja ya kubishana zaidi.

Ukishathibitisha, gari lisiendeshwe tena. Livutwe hadi gereji, na kama ni otomatiki magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Konrodi ikikatika inatoboa bloku, na hapo mazungumzo ya beringi yamekwisha.

Mambo matatu ya kukataa

Wiki ya ukaguzi ndiyo wiki ya ujanja. Utaambiwa kuna njia ya mkato, na kwa kweli mlio utapungua, kwa siku mbili tatu.

La kwanza ni oili nzito. Wapo wanaochanganya hata oili ya giaboksi ili injini inyamaze mbele ya mkaguzi. NZ imetengenezwa ikiwa na nafasi ndogo sana kati ya shingo na beringi, na oili yake ni nyepesi, 5W-30, au 10W-30 kwa joto letu. Oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na kila asubuhi unakula kipande kingine cha beringi.

La pili ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kuwekwa mgongoni mwa beringi ili ikaze. La tatu ni kusaga kepi ya konrodi, kile kifuniko kinachoifunga kwenye krenki, kwa tupa ili mdomo wake, yaani tundu la beringi, upungue. Yote mawili yanaharibu uduara. Beringi inabana juu na chini, inalegea pembeni, joto halitoki kwa sababu mgongo haukai sawasawa, na konrodi iliyosagwa haitengenezeki tena kirahisi. Fundi anayependekeza hayo, mshukuru na uondoke na gari lako.

Kutengeneza, au kununua nusu injini?

Swali hili lina jibu la pesa na jibu la makaratasi. Kwa pesa, weka pamoja gharama ya kuchonga krenki, beringi, gasketi, sili, oili mara mbili na ufundi, kisha linganisha na nusu injini (bloku na vilivyomo, bila silinda hedi) ya mtumba kule Gerezani au Shauri Moyo. Wakati mwingine mtumba unashinda kwa bei. Lakini hujui ilivyotunzwa, na injini iliyokaa stoo ikiwa wazi ina kutu ndani.

Jibu la makaratasi watu hulisahau. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, nayo imepigwa kwenye bloku. Ukibadilisha bloku, namba haifanani tena na kadi, na hilo linabidi lishughulikiwe TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujasimama mbele ya mkaguzi. Ukichonga krenki na kubadilisha beringi, bloku ni ile ile, namba ni ile ile. Kama ukaguzi uko karibu, mimi nachagua kutengeneza, isipokuwa bloku yenyewe imepasuka au beringi ya mein imezunguka na kula makazi yake.

Kushusha na kufungua

Unaweza kusikia kwamba beringi za konrodi zinabadilishwa gari likiwa limesimama, kwa kufungua sampu tu. Kwa baadhi ya injini za dizeli ni kawaida. Kwa NZ iliyokwisha kugonga siishauri, kwa sababu krenki isipotoka huwezi kupima mein, wala kusafisha njia za oili zilizojaa chembe. Utafunga beringi mpya uzisagishe kwa uchafu wa zile za zamani.

Ondoa waya hasi wa betri. Mwaga oili kwenye beseni safi, si kwenye mtaro. Utataka kuangalia kilichomo. Mwaga maji ya rejeta. Kompresa ya AC ifunguliwe bolti zake ifungwe pembeni na mabomba yake, gesi isiguswe. Piga picha za soketi na mipira kabla ya kuchomoa, kila upande.

Injini ikiwa juu ya stendi, fungua kava ya mbele. Kabla ya kugusa cheni, zungusha krenki hadi alama za taimingi zikutane, tia rangi kwenye pingili na kwenye gia.

Sasa sehemu inayohitaji utulivu. Kila konrodi na kepi yake ni mke na mume, zilichongwa zikiwa zimefungwa pamoja. Weka alama ubavuni, 1 hadi 4 kuanzia upande wa pulei, alama ya konrodi na ya kepi zitazamane. Kepi za mein vivyo hivyo, na mshale wake unaelekea mbele. Bolti za mein zilegezwe kidogo kidogo, kwa mpangilio, kutoka nje kwenda katikati. Kila beringi inapotoka, iweke kwenye kipande cha boksi kilichoandikwa namba yake, juu na chini visichanganyike. Usizifute bado.

Soma beringi zilizotoka

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopita mbio. Beringi mpya hazitibu kilichoua za zamani. Zipange mezani kwa mfuatano, tafuta mwanga mzuri, chukua nusu saa.

Ikiwa zote zimechakaa kwa usawa, rangi ya kijivu iliyofifia na shaba kuchungulia katikati, huo ni uzee na oili iliyochelewa kubadilishwa. Teksi ya mjini inadanganya kwenye hili. Kilomita zinasoma 5,000 tangu sevisi, lakini injini imeunguruma saa nyingi kwenye foleni ya Mandela au Mwenge ambazo hazikuhesabiwa popote. Gari la namna hiyo libadilishiwe oili mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Mikwaruzo ya mviringo, na vidoa vya chembe zilizozama usoni, ni uchafu. Tafuta ulikotoka: filta bandia, kisafisha hewa kilichotoboka, au injini iliyofunguliwa zamani ikafungwa bila kuoshwa.

Uso uliofutika, ukang'aa, au ukageuka mweusi kwa kuungua, ni ukosefu wa oili. NZ inachukua lita 3.7 pekee pamoja na filta. Ringi za pistoni zikianza kuchoka na injini kula oili, na dereva asipopima dipstiki, lita moja na nusu ikipungua tayari kila kona kali pampu inavuta hewa. Ikiwa beringi moja tu ndiyo imeungua na jirani zake ni nzima, shuku njia ya oili iliyoziba kwenye shingo hiyo.

Beringi iliyolika ukingo mmoja juu na ukingo wa pili chini, kama mshazari, inakuambia konrodi imepinda. Gari hilo huenda liliwahi kuingia kwenye maji yakavutwa ndani ya silinda. Mvua za Jangwani zimepindisha konrodi nyingi. Konrodi hiyo haihitaji beringi, inahitaji kubadilishwa.

Na uso uliovimba madoa madogo, ulioliwa kama na asidi, pamoja na oili ya rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Gasketi ya silinda hedi na hedi yenyewe vipimwe kabla ya jambo lingine lolote.

Tazama pia mgongo wa beringi. Ukiwa na alama za kuzunguka, makazi yake yamekwisha kulika. Kwa konrodi, mdomo wake urudishwe duara karakana au ibadilishwe. Kwa mein, kaa chini upige hesabu upya.

Kupima krenki na kuipeleka kuchongwa

Kucha ya kidole ni kipimo cha kwanza. Ipitishe juu ya shingo. Ikinasa kwenye mkwaruzo, krenki inahitaji kuchongwa. Isiponasa, hujamaliza. Leta maikromita. Kila shingo ipimwe mahali pawili kwa urefu, na kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Tofauti ikizidi milimita 0.02, shingo imekuwa yai au imekuwa nyembamba upande mmoja, na beringi mpya ya kiwango haitadumu juu yake.

Ukubwa unaopatikana madukani ni wa kiwango, kisha 0.25 na 0.50, yaani milimita ambazo krenki imechongwa. Ukichonga 0.25, shingo ya konrodi inashuka hadi takriban 39.75 na ya mein 45.75. Hapa nina sharti moja: nunua beringi kwanza, ndipo upeleke krenki. Ukichonga 0.25 halafu duka zima lina 0.50, umepoteza safari na chuma. Pia mchongaji mzuri atataka beringi mkononi, ili achonge kufuata beringi halisi na si namba iliyoandikwa kwenye boksi. Taiho na NDC ni majina yanayoaminika kwa Toyota, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo yanayoghushiwa sana. Angalia uchapaji mgongoni mwa beringi yenyewe, usihukumu boksi.

Kama krenki ni nzima na unarudisha beringi za kiwango, usiombe tu "seti ya NZ". Toyota walipiga namba kwenye bloku, kwenye krenki na kwenye kepi za konrodi, za kuchagulia unene wa beringi. Ya konrodi inafuata namba ya kepi; ya mein unajumlisha namba ya bloku na ya krenki. Ziandike kabla ya kwenda dukani.

Karakana ukiifikia, mwambie mchongaji mambo haya, hata kama atakunja uso. Ule mkunjo mdogo wa duara pembeni mwa shingo ubaki, usikatwe ukawa kona kali, maana krenki inapasukia hapo. Midomo ya matundu ya oili ilainishwe. Shingo ing'arishwe baada ya kuchongwa. Krenki ipimwe kama imepinda. Ukirudishiwa, ipime tena wewe mwenyewe, kila shingo. Si dharau, ndiyo kazi.

Usafi na pampu

Krenki iliyotoka kuchongwa imejaa unga wa jiwe ndani ya matundu yake. Pitisha brashi nyembamba na mafuta ya taa, kisha hewa ya kompresa, kisha rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Bloku nayo: fungua njia kuu ya oili, osha, puliza. Sampu zioshwe zote mbili, ya juu ya alumini na ya chini ya bati.

Pampu ya oili ya NZ iko ndani ya kava ya mbele na inazungushwa na krenki moja kwa moja. Ifungue. Ikiwa uso wa gia au kava una mikwaruzo ya kunasa ukucha, badilisha. Valvu ya kupunguzia presha itolewe, isafishwe, ihakikishwe inateleza bila kunata. Kisha chungulia chujio la kuvutia oili. Mara nyingi utakuta humo vipande vya silikoni, vile vya rangi ya kijivu au nyekundu ambavyo fundi wa mwisho aliviacha vikaning'inia ndani alipofunga sampu. Pengine muuaji wa beringi zako ndiye huyo.

Kufunga

Mahali pa kufungia pafagiliwe na kumwagiwa maji kidogo, vumbi litulie. Mikono ioshwe.

Mgongo wa beringi na makazi yake viwe vikavu kabisa, bila oili. Uso wa ndani ndio unaopakwa oili, na si sasa, kwanza tunapima. Kijino cha beringi kikae kwenye mfereji wake. Kwa mein, zile zenye mfereji na tundu zinakaa upande wa bloku, na tundu lilingane na tundu la oili. Ukiziweka kinyume, injini itawaka vizuri na kufa siku hiyo hiyo.

Laza krenki. Chukua plastigeji, uzi mwembamba wa plastiki laini, kata urefu wa upana wa beringi, uweke juu ya shingo kavu. Funga kepi, kaza hadi kipimo kamili, fungua. Wakati wote huo krenki isizungushwe hata kidogo. Uzi utakuwa umebapa. Linganisha upana wake na mstari uliochapwa kwenye karatasi yake. Kwa 1NZ-FE mein inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.010 na 0.023, na haitakiwi kuvuka 0.07. Konrodi kati ya 0.016 na 0.040, mwisho 0.06. Ukipata 0.05 kwenye konrodi ya krenki iliyotoka kuchongwa leo, mchongaji amezidisha. Irudi.

Vipimo vikikubali, toa plastigeji yote, paka oili safi kwa wingi, funga. Mein zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, Nm 22 kwanza, kisha kila bolti iongezwe digrii 90. Konrodi Nm 15, kisha digrii 90. Tia nukta ya rangi kwenye kichwa cha bolti ili uone robo duara imetimia. Bolti hizi zinavutika, ndiyo kazi yake, kwa hiyo iliyoanza kuwa nyembamba katikati isirudishwe. Kwa konrodi mpya ni bora, bei yake ni ndogo kuliko bloku.

Baada ya kila kepi, zungusha krenki kwa mkono. Ikiwa ilikuwa inateleza na baada ya kepi ya tatu imekuwa nzito, usiendelee. Kosa liko kwenye ya tatu. Ukingoja ufunge zote ndipo ujaribu, utafungua zote. Mwisho sukuma krenki mbele na nyuma, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) au geji ya mshale: milimita 0.09 hadi 0.19, isizidi 0.30.

Sili mbili za krenki, zile raba za kuzuia oili isivuje, ya mbele na ya nyuma, ziwe mpya. Hapa hasa namfikiria mkaguzi, kwa sababu sili ya nyuma ikivuja itadondoka katikati ya injini na giaboksi, na kuirudia ni kushusha tena. Silikoni ya sampu iwe mstari mwembamba usiokatika. Ikibubujika nje, ujue imebubujika ndani pia.

Kuwasha

Jaza pampu oili kabla ya kufunga kava, na filta nayo itiwe kidogo. Weka lita 3.7, pima dipstiki. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, toa plagi, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime au geji inyanyuke. Ndipo urudishe kila kitu na kuwasha.

Geji iache kwenye nafasi ya swichi kwa uwasho wa kwanza. Presha ikikataa kupanda ndani ya sekunde chache, zima papo hapo. Ikipanda, acha injini ipate moto hadi feni iwake na kuzima, huku ukitambaa chini kuangalia maungio. Zima, subiri, pima oili na maji tena.

Beringi zenyewe hazihitaji kulainishwa kwa safari ndefu kama ringi. Kinachotakiwa ni kuondoa uchafu uliobaki. Endesha kwa upole, bila mizunguko mikubwa na bila kuvuta mlima kwa gia nzito, mwaga oili ikifika kilomita 500, na ukate filta kama ulivyofanya mwanzo. Chembe chache za kwanza zinavumilika. Glita haivumiliki.

Siku chache kabla ya ukaguzi

Usitoke gereji kwenda kwa mkaguzi. Injini iliyotoka kufungwa ina oili na mafuta ya taa nje, vinaungua, vinatoa moshi, na utajieleza kwa jambo ambalo si kosa. Jipe angalau wiki. Osha injini, laza boksi chini yake usiku, tazama asubuhi kama kuna tone. Bloku isipakwe rangi pale palipo na namba. Iliyofunikwa na rangi au grisi inazua maswali, isafishe isomeke.

Kisha ndipo urudi kwenye yale mengine, kwa sababu injini iliyotulia haikuokoi na breki mbovu. Tairi, taa zote pamoja na za breki, waipa, honi, mikanda ya viti, mchezo wa stelingi, bolijointi, na ile beringi ya gurudumu niliyoitaja mwanzoni: inua, shika tairi juu na chini, tikisa. Chukua kadi ya gari na bima. Risiti ya kuchonga krenki na ya beringi nayo ihifadhi, ikiwa na ukubwa ulioandikwa, 0.25 au 0.50. Fundi atakayeifungua injini hiyo baada yako hatakuwa na njia nyepesi ya kujua krenki imeshachongwa kiasi gani, na ukiliuza gari mnunuzi atauliza.